Dada Masiti wa Barawa: Bibi Aliyempenda Mola Wake kwa Lugha Yetu



Bi harusi wa pwani hufundishwa mapenzi kwa mpango. Somo wake humweka ndani, humsinga kwa liwa, humchora hina, humfukiza udi, na huku mikono ikifanya kazi mdomo nao humweleza namna ya kumpokea mume, namna ya kusema naye na namna ya kumtunza. Sisi tunaoshona nguo za maharusi huku Wazo tunayasikia mengi, maana bi harusi hakai kupimwa peke yake. Huja na shangazi, na somo, na mashoga watatu, na mazungumzo ni hayo kwa hayo. Ni elimu nzuri na ina nafasi yake.

Lakini kuna mapenzi mengine ambayo mara nyingi hatuyafundishi. Tunamfundisha binti udhu, hedhi, josho na nguzo za sala. Kumpenda huyo anayemsalia hatumwambii, tunadhani atajua mwenyewe akikua, au tunadhani hayo ni mambo ya masheikh na ya bibi vizee waliokwisha maliza dunia yao. Halafu binti anaingia katika ndoa akiwa na mapenzi ya aina moja tu mkononi, na hayo yakitikisika kidogo, naye huanguka mzima mzima.

Leo tunaleta historia ya mwanamke wa pwani yetu hii aliyempenda Mola wake mpaka mji mzima ukamheshimu, akatunga mashairi yaliyosomwa na wanaume na wanawake, na kaburi lake likawa mahali pa ziara. Kabla ya heshima hiyo alipitia jambo ambalo kwa kawaida likimpata mwanamke, watu humhesabu amekwisha.

Barawa na watu wake

Ukitoka Mombasa ukafuata pwani kwenda kaskazini utapita Malindi, utapita Lamu na Pate, utaingia Somalia na kuipita Kismayu, na kabla ya kufika Mogadishu utaukuta mji wa Barawa. Huo ndio mwisho wa Kiswahili kwa upande huo. Ndani ya mji huo wa kale watu waliishi karne nyingi wakizungumza lahaja yao ambayo wenyewe huiita Chimwiini au Chimbalazi. Mji wao huuita Mwiini, kwa hiyo Chimwiini ni kama kusema lugha ya mjini. Pale sisi tunaposema ki, wao husema chi.

Wabarawa si wageni kwetu. Unguja, Mombasa na hata Dar es Salaam, ukikutana na mtu mwenye jina la al-Barawi, ujue asili yake ni huko. Walikuwa wafanyabiashara, mafundi wa kufuma nguo na wa ngozi, na zaidi ya yote walikuwa watu wa elimu ya dini.

Sasa jina lenyewe. Kwetu sisi dada ni ndugu wa kike. Kwa Wabarawa dada ni bibi, mama wa mama au mama wa baba. Kwa hiyo Dada Masiti ni Bibi Masiti. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mana Sitti binti Habib Jamaluddin, na ukoo wake ulikuwa wa masharifu, yaani nasaba inayohesabiwa hadi kwa Mtume wetu, rehema na amani zimfikie. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mji ndio uliomwita Dada alipokuwa mtu mzima, kana kwamba wote ni wajukuu wake.

Msichana aliyechukuliwa

Simulizi inayojulikana zaidi kuhusu maisha yake ni kwamba akiwa bado mdogo alitekwa Barawa akapelekwa Unguja. Huko aliishi kiasi cha miaka 10 katika hali ya utumwa, mpaka jamaa yake mmoja alipomgundua na kumrudisha kwao.

Tuusome mstari huo polepole, kwa sababu unasomeka haraka na ndani yake mna utoto mzima wa mtu. Unguja ya wakati huo ilikuwa ya Sayyid Said bin Sultan. Mashamba ya karafuu yalikuwa yanapanuka, na watu waliletwa kisiwani kwa maelfu kila mwaka kufanya kazi mashambani na majumbani. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuja kufungwa mwaka 1873 zama za Sayyid Barghash, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Masiti aliingia kisiwani miaka mingi kabla ya hapo. Alikuwa mtoto, tena sharifa, hana mama wala shangazi wa kumtetea, na hakuna aliyejali nasaba yake.

Dini yetu ilikwisha kulikataza jambo hilo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu anayemuuza muungwana akala thamani yake ni mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama. Waliofanya biashara ile walisali swala tano na walifunga Ramadhani. Ni vizuri tuliseme hilo wazi, kwa sababu hata leo mtoto wa kike huletwa mjini kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa akaishia jikoni kwa mtu bila mshahara, na dada zetu huvuka bahari kwenda kufanya kazi za majumbani Uarabuni, wengine wakanyang'anywa pasi zao za kusafiria wakifika tu. Wanaofanya hayo nao ni watu wa kusali.

Alivyorudi

Alirudi Barawa akiwa mwanamke. Hapa ndipo sisi wanawake tunaijua hadithi hata kabla hatujasimuliwa. Binti akipotea miaka 10 akarudi, maswali huwa hayaulizwi mbele yake. Huulizwa uani, na jikoni kwenye shughuli, na kibarazani akishapita. Alikuwa wapi, alikuwa na nani, amerudi na nini. Aliyetendewa ndiye anayebeba aibu, na aliyetenda wala hatajwi.

Tunawajua wanawake wa namna hiyo leo. Kuna aliyeolewa kwa shangwe, baada ya miezi minane akarudi kwa mama yake na mabegi mawili. Kuna aliyerudi kutoka Maskati hana hata shilingi. Kuna aliyeachwa kwa ujumbe wa simu. Huyo akija kushona nguo ya maulidi huchagua kitambaa cha rangi iliyopoa, na ukimuuliza kwa nini, atakwambia hataki watu wamtazame. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini ni rahisi kuisema methali hiyo kuliko kuiishi.

Masiti aliiishi. Aligeukia elimu ya dini na ibada. Aliishi maisha ya kujinyima, akazama katika dhikri na njia ya masufi, hasa Qadiriyya ambayo ilishika sana Barawa. Hakujenga jina lake kwa kusimulia mkasa wake wala kwa kutafuta wa kulaumiwa. Alijenga kwa kumtaja Mola wake asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka mkasa ule ukawa ni sehemu ndogo ya habari zake. Leo akitajwa Barawa, linalotangulia ni uchamungu wake na mashairi yake.

Hapa pana jambo kubwa kwa mwanamke aliyeumizwa. Mapenzi ya watu yana kumbukumbu mbaya, yanakumbuka ulichopoteza. Mwenyezi Mungu anamjua mja wake kabla ya kuvunjwa na baada ya kuvunjwa, na mlango wake haubadiliki. Katika hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari, anatuambia kuwa mja huendelea kujisogeza kwake kwa ibada za sunna mpaka Yeye akampenda. Angalieni, ndugu zetu, hakuna sharti la kuwa na historia safi. Sharti ni kujisogeza.

Mashairi kwa lugha ya nyumbani

Barawa ya miaka ile ilikuwa mji wa wanavyuoni. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847, alikwenda Baghdad kusoma, akarudi na ijaza ya Qadiriyya na kuisambaza pwani nzima. Alifika Unguja mara kadhaa kuanzia miaka ya 1880 na kukaribishwa na masultani wenyewe. Dhikri ya Qadiriyya tunayoisikia Unguja, Bagamoyo na Tabora, sehemu kubwa ya mizizi yake inakwenda kwa watu wa Barawa.

Masheikh hao waliandika kwa Kiarabu, lugha ya elimu. Lakini walitambua kuwa watu wengi, na hasa wanawake, hawakuifahamu. Basi wakatunga pia kwa Chimwiini tungo za dini ambazo Wabarawa huziita steenzi, sawa na tendi zetu. Sheikh Uways alitunga, Sheikh Qasim bin Muhyiddin al-Barawi alitunga, na kati yao alikuwemo mwanamke huyu, Dada Masiti. Steenzi zilisomwa majumbani na katika mikusanyiko. Akina mama walizihifadhi kwa kichwa na kuwafundisha watoto. Kwa njia hiyo mwanamke asiyejua kusoma aliijua imani yake, akaijua sira ya Mtume na akayajua mambo ya kaburi na Akhera, huku anachambua mchele.

Shairi la Dada Masiti linalojulikana kuliko yote alilitunga mwaka 1909, alipofariki Sheikh Nureni, mwanachuoni mkubwa wa mji. Mwaka huo ulikuwa mzito kwa Barawa, kwani ndio mwaka ambao Sheikh Uways naye aliuawa na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, waliokuwa wakizipinga njia nyingine za kisufi. Mji ukiwa katika msiba, aliyeusemea alikuwa bibi kizee. Ndani ya shairi lake anakumbusha kuwa baada ya uhai kuna mauti, kwamba dunia haimbakizi mtu hata awe na elimu kiasi gani, na anamsifu marehemu kwa uchamungu wake na kumwombea.

Fikirini hilo. Mwanachuoni amekufa, mji una masheikh, una masharifu, una makadhi. Na maneno ambayo watu waliyahifadhi na kuyarithisha ni ya mwanamke ambaye utotoni alikuwa kitu cha kuuzwa. Hakupanda mimbari, wala hakuhitaji kupanda. Alikuwa na kitu cha kusema kuhusu Mola na mauti, na alikisema kwa lugha ambayo kila mtu ndani ya nyumba aliielewa.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1919 akiwa mkongwe sana, na inasemwa alikuwa amepita miaka 100. Kaburi lake hapo Barawa likawa likizuriwa kila mwaka kwa dua na dhikri. Tunajua katika jambo la ziara za makaburi wapo wanaolizuia na wapo wanaoliona sawa kwa mipaka yake, na kila mmoja amuulize mwalimu wake. Hapa tunaieleza historia ilivyokuwa.

Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991, Wabarawa wengi walikimbia kwa mashua kuja Mombasa, na baadaye wakatawanyika Uingereza, Marekani na kwingine. Walioweza walibeba dhahabu kidogo na nguo. Steenzi za Dada Masiti hazikuhitaji mzigo, kwa sababu zilikuwa vichwani mwa akina mama. Lahaja yenyewe sasa iko hatarini, kwani wajukuu wanakua wakizungumza Kiingereza, lakini yeye bado anasomwa.

Wanawake wa mapenzi haya mahali pengine

Dada Masiti hakuwa peke yake. Miaka zaidi ya elfu moja kabla yake, mjini Basra nchini Iraq, aliishi Rabia al-Adawiyya, aliyefariki karibu mwaka 801. Naye husimuliwa kuwa alikuwa yatima aliyeuzwa utumwani, na bwana wake akamwacha huru baada ya kumwona akisali usiku. Kisa chake maarufu ni kile cha kupita njiani ameshika moto mkono mmoja na maji mkono mwingine. Alipoulizwa, akasema anataka kuichoma Pepo na kuuzima Moto, ili watu wamuabudu Mwenyezi Mungu kwa kuwa ni Yeye, si kwa tamaa wala kwa woga.

Wanavyuoni wametuwekea mizani hapo. Ibn al-Qayyim aliufananisha moyo wa muumini na ndege, kichwa chake ni mapenzi, na mabawa yake mawili ni hofu na matumaini. Ndege haruki kwa bawa moja, na akikatwa kichwa hafi nusu. Kwa hiyo tunaomba Pepo, tunauogopa Moto, lakini kinachotuongoza ni mapenzi.

Hata kwa wasiokuwa Waislamu utamkuta mwanamke wa namna hii. Majirani zetu Wahindu wa Kisutu, hapo katikati ya jiji la Dar es Salaam, wanamkumbuka Mirabai, na nyimbo zake huimbwa mpaka leo popote walipo watu wa Gujarat na Rajasthan. Alizaliwa karibu mwaka 1498 katika ukoo wa kitawala wa Merta, akaolewa na mwana wa mfalme wa Mewar, na mume akafa angali kijana. Wakwe walitaka akae ndani atunze heshima ya jumba. Yeye moyo wake ulikuwa kwa mungu wake Krishna, akawa anaimba hadharani pamoja na mafukara na watu wa tabaka za chini. Inasimuliwa kuwa wakwe walimpelekea kikombe cha sumu, naye akanywa asidhurike. Inasemekana maisha yake yaliishia Dwarka, kwenye pwani ya Gujarat, pwani ambayo kwa karne nyingi majahazi yake yalileta vitambaa Unguja na kuondoka na pembe na karafuu.

Itikadi yake si yetu. Mirabai alimwona mungu wake kuwa ndiye mume wake wa kweli. Sisi tunasoma Suratul Ikhlas kila siku, na Mwenyezi Mungu hafanani na chochote, hatumfananishi na mume wala na kiumbe yeyote. Lakini kama historia kuna jambo la kuangalia. Mirabai naye aliimba kwa lugha ya watu wa kawaida, hakusubiri lugha ya makuhani. Naye aliambiwa kuwa mwanamke mwenye heshima hafanyi hivyo. Watu wa jumba lile wamesahaulika na wengi, na mjane waliyemtaka anyamaze bado anaimbwa. Mapenzi ya ibada humpa mwanamke sauti, na ndiyo maana kila mahali wamekuwepo watu waliotaka kuyazima.

Na Mwana Kupona?

Kuna msomaji atauliza, mbona bi harusi wa Kiswahili tayari ana kitabu chake? Ni kweli. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, sawa na mwaka 1275 Hijria, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Alikuwa mgonjwa alipotunga, na alifariki kiasi cha miaka miwili baadaye.

Utendi huo hutajwa sana kwenye kufunda. Lakini sisi tumeona kwamba unapotajwa, hutajwa upande mmoja tu: mume apokewe vipi, alishwe vipi, apambiwe vipi. Wengine hata huutumia kumwambia mwanamke avumilie kipigo, jambo ambalo Mwana Kupona hakulisema. Usomeni mpaka mwisho. Mama yule anapomaliza nasaha za nyumba, haendi kulala. Anageuka na kumwelekea Mola wake, na sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua. Anaomba kwa majina na utukufu wa Mwenyezi Mungu, anaombea ndugu zake na watoto wake, anaomba aponywe maradhi yake, anawaombea Waislamu wote. Mama anayejua kuwa anakufa anamwacha binti yake kwa nani? Hamwachi kwa mume, ingawa amemfundisha kumtunza mume. Anamwacha kwa Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo Mwana Kupona na Dada Masiti hawapingani. Mmoja alikuwa mke na mama, mwingine alikuwa mcha Mungu aliyejitenga na raha za dunia. Wote wawili walikuwa wanawake wa pwani moja, wa karne moja, na wote wawili wakati wa uzito waliushika mlango mmoja.

Tufanye nini nayo sisi?

Kuna wanaosema habari za mapenzi ya Mola zitamfanya bi harusi amsahau mume. Ni kinyume chake. Katika Suratur Rum, aya ya 21, ambayo kila khatibu huisoma kwenye ndoa, tunaambiwa kuwa mapenzi na huruma baina ya mke na mume vimewekwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba hizo ni ishara zake. Ishara hukuonyesha mwenyewe. Mke anayempenda aliyeweka mapenzi hayo atamtunza mume kwa ukarimu, kwa kuwa hamdai mume kitu ambacho mwanadamu hawezi kutoa. Na katika Suratul Baqara, aya ya 165, waumini wanasifiwa kwa kuwa mapenzi yao kwa Mwenyezi Mungu ndiyo yenye nguvu zaidi. Haikusemwa waumini wanaume.

Kwa vitendo, tunapendekeza haya.

Masomo na makungwi, tunawaomba katika zile siku za ndani mumpe bi harusi angalau saa moja kila siku ya mapenzi haya. Mwelezeni majina ya Mwenyezi Mungu kwa Kiswahili, maana yake ni nini kuwa Yeye ni Al-Wadud, Mwenye kupenda, na Al-Jabbar, ambaye katika maana zake wanavyuoni hutaja kuwaunga waliovunjika. Msiishie kumhesabisha.

Maharusi, chagueni nyuradi chache za asubuhi na jioni na mzianze sasa, kabla ya harusi, ili zikukute ndoani tayari ni desturi yako. Na uombe dua kwa Kiswahili nje ya sala. Dada Masiti alisema na Mola kwa Chimwiini chake na mji mzima ukafaidika. Hata ukisema kwa lafudhi ya Temeke unasikiwa.

Wenye shughuli, maulidi ya wanawake yasiwe maonyesho ya sare tu. Hili tunalisema sisi ambao tunakula kwa hizo sare. Kitambaa kiwe kizuri, mishono iwe safi, mauwa na asumini yawepo, lakini qasida ikisomwa awepo mmoja wa kueleza dakika tano kilichosomwa, kwa lugha ambayo mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni ataielewa.

Na sote, akirudi mwanamke nyumbani amevunjika, iwe kutoka kwenye ndoa, kutoka kazini ugenini, au kutoka mahali ambapo hataki kupataja, tusimfanye mazungumzo ya uani. Mwiteni kwenye darsa. Mpeni nafasi akae mbele. Yawezekana huyo unayemwonea haya leo ndiye ambaye wajukuu zako watamwita bibi, na maneno yake ndiyo mtakayoyashika siku ya msiba.

Dada Masiti hakupata utoto wake tena. Miaka 10 ile ya Unguja haikurudishwa na mtu. Alichokipata ni Mola asiyemwuliza alikuwa wapi, na kwa Mola huyo akasimama mpaka uzee wake.

Ya Allah, turuzuku mapenzi yako, na mapenzi ya wanaokupenda, na mapenzi ya kila amali itakayotusogeza kwako. Wabarikie maharusi wetu katika nyumba zao. Waunge waliovunjika miongoni mwetu. Warehemu Dada Masiti, Mwana Kupona na bibi zetu wote waliotutangulia na imani. Amin.

Wabillahi tawfiq.